Mwanya Nilioutia kwa Wembe

Kabla Kilosa hatujasikia habari za madaktari wanaotengeneza tabasamu, tabasamu za mji ule nilikuwa nazitengeneza mimi. Nilikuwa na penseli ngumu niliyoichonga mpaka ncha yake ikachoma kidole, nusu ya wembe, na kioo cha kukuzia. Kwa vifaa hivyo niliyang'arisha meno ya walimu, makarani wa reli, wauza mchele na mabibi harusi ambao siwezi tena kuwakumbuka wote. Hakuna aliyepiga ukelele wala kutema damu. Walilipa, wakachukua picha, wakaenda kuwatumia jamaa zao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Studio yangu ilikuwa mtaa wa Mabwerebwere, chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba, na picha bado zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwenye negativu, yaani kile kipande cha filamu kinachotoka kwenye kamera, mambo yote huwa kinyume: penye weusi kwenye filamu hutoka weupe kwenye karatasi. Basi mtu akiwa na jino lililofifia, nililipaka penseli palepale kwenye negativu, polepole, nimebana pumzi, na kwenye karatasi jino likatoka linameremeta. Akitaka mwanya, na wengi walitaka, maana kwetu mwanya ni uzuri, nilikwangua kwa ncha ya wembe katikati ya meno mawili ya mbele. Mstari mwembamba tu, na mtu akaondoka na mwanya ambao Mungu hakumpa. "Nitilie na mwanya, fundi," walikuwa wakiniambia, kwa sauti ileile ya kuagiza chai iongezwe sukari.

Nilijivuna, sifichi. Mimi ni mtu wa kupenda sifa, na nikinyimwa huwa nanuna waziwazi.

Mtu mmoja tu sikuwa nimewahi kumgusa meno, naye ni mdogo wangu wa kike, kwa sababu hakukubali kupigwa picha. Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Mimi nilizaliwa Kilosa nikabaki na bibi. Yeye alizaliwa baba alipohamishiwa Arusha, akanywa maji ya kule mpaka akafika miaka kumi. Maji ya upande ule yana madini yanayoyapa meno ya watoto rangi ya chai iliyokolea majani, na kule hakuna anayeshangaa, maana nusu ya darasa iko hivyo. Likizo moja nilipokwenda kuwatembelea, ni mimi niliyezungukwa na watoto wakitaka kujua meno yangu yamepatwa na nini.

Baba alipostaafu wakarudi Kilosa. Jumatatu ya kwanza shuleni, mwalimu wa zamu akapita mistarini kukagua kucha na meno, akamwambia mdogo wangu afungue kinywa, akamchapa kwa kutopiga mswaki. Jumatatu ya pili hivyohivyo. Mama akahangaika naye kwa mkaa, kwa majivu, kwa chumvi na ndimu, hata kwa mchanga laini wa mto Mkondoa. Fizi zilitoka damu, rangi haikusogea. Hospitali wakasema ni ya maji, haitoki, mwacheni mtoto. Wakati huo alikuwa ameshajifundisha kucheka amefunika mdomo, kwanza kwa kiganja, na alipokua kwa ncha ya khanga.

Aliufunika kwa kila mtu isipokuwa mimi. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani kwangu. Mteja akiwepo, khanga juu. Mteja akishuka ngazi, khanga chini. Akichoka na sare za shule aliingia chumbani mwangu mwa giza kunisaidia kusuuza picha, na pale chini ya taa nyekundu tuliwaangalia watu wa mji wakijitokeza kwenye beseni la dawa, mwalimu mkuu akitanguliza nyusi na karani wa reli akitanguliza kola. Mdogo wangu alikuwa anacheka kinywa wazi, kicheko kikubwa kisicho na adabu, mpaka ashike meza. Nilikipenda kile kicheko. Nilijivuna nacho pia, kama vile nilikitengeneza mimi.

Alikuwa amefika miaka ishirini na minane. Wenzake wote aliosoma nao walikuwa wameolewa, na magauni yao aliyashona yeye. Baba na mama walikuwa wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa walii wake, wa kumwoza, na nilitaka aolewe si kwa sababu ya maneno ya mtaani bali kwa sababu niliwahi kumkuta amejipima kiunoni gauni la mtu mwingine mbele ya kioo cha studio. Alipoona nimemwona akaanza kulifuta vumbi lisilokuwepo.

Hapo ndipo alipoingia shangazi yetu. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na shangazi alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuleta mitumba Kilosa. Alikwenda na marobota yake mpaka Mikumi, akarudi, na katika safari hizo akawa anajua nani hajaoa na nani hajaolewa pande zote mbili.

"Kuna mpishi kule Mikumi," alisema kabla hata hajakaa. "Wa hoteli ya watalii. Mwekezaji kainunua, kafukuza karibu wote, mpishi kamwacha. Hanywi. Mke waliachana, hawakujaliwa mtoto. Anataka picha."

"Picha ya nani?" mdogo wangu akauliza.

"Yangu!" shangazi akamjibu. "Hebu inuka hapo kwenye cherehani."

Alikaa kwenye stuli mbele ya pazia langu lililochorwa ndege, midomo kaibana. Nilimbembeleza, wapi. Nikasema basi, angalau nimpige akiwa amenuna. Nikainama kuangalia kwenye kamera, na suruali yangu, niliyouziwa na shangazi mwenyewe kwa viapo vyote kwamba ni imara, ikachanika nyuma kutoka chini mpaka kwenye mkanda.

"Hiyo si ya kuinamia!" shangazi akapiga kelele. "Hiyo ni ya kusimamia!"

Mdogo wangu akaangua kicheko, kinywa wazi, macho yamefumba, mkono umesahau kazi yake. Nikabonyeza. Katika maisha yangu yote sijapiga picha nzuri kuliko ile.

Kesho yake nikakaa na negativu yake dirishani. Naapa nilikusudia kuondoa vumbi tu. Lakini mkono uliozoea hauna subira, na penseli ilikuwa palepale. Nikang'arisha jino moja. Likapendeza, mengine yakabaki yanaonekana vibaya, nikayang'arisha na hayo. Kisha, kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda vizuri, nikachukua wembe nikamtilia na mwanya. Nikaichapa picha kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikamkimbizia shangazi stesheni kabla treni ya Mikumi haijaondoka. Mwenye meno hakuiona.

Baada ya wiki mbili shangazi akarudi na uso umechanua.

"Kapenda! Kaitia kwenye fremu, kaitundika jikoni. Anasema huo mwanya hajapata kuuona. Masika yakiisha, barabara ikikauka, anakuja kujitambulisha."

Cherehani ikasimama.

"Mwanya gani, shangazi?"

Nilikuwa na nakala. Nilimletea kama mtu anayepeleka barua ya msiba. Aliitazama kwa muda ambao angeweza kushona kola mbili, kisha akanirudishia.

"Umenipendezesha, kaka," akasema, akaendelea kushona.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Kwenye ugomvi mimi ni hodari, na majibu yangu yote nilikuwa nimeyapanga, yakabaki yananioza kinywani. Lakini tangu siku ile hakuingia tena chumbani mwa giza. Nikimwita, ana sare za kumaliza. Na hata mteja akishashuka ngazi, khanga haikushuka. Nilijiambia kwamba amekasirika kwa sababu nimemtia kwenye uongo mbele ya mwanamume, na huo uongo ndio niliokata shauri kuurekebisha.

Shangazi alishauri tufunge ndoa haraka na yeye aendelee kujifunika khanga. "Akishaoa atazoea," alisema. Mdogo wangu akakataa katakata.

"Siingii nyumba ya mtu nimeshika mdomo," akasema. Kisha akanigeukia. "Meno umeyachora wewe, fundi. Kayatafute."

Nilikuwa nimesikia kwa karani mmoja wa reli kwamba Dar es Salaam, tangu hospitali za watu binafsi ziruhusiwe, yuko daktari anayeyabandika meno maganda ya kauri. Nilimwuliza kauri gani, akasema kauri hiihii ya vikombe. Nikauza mashine yangu ya kukuzia picha. Sikuililia sana, maana picha za rangi zilikuwa zimeshafika na kila mtu alizitaka. Filamu zilipelekwa Morogoro, zikaoshwa na mashine isiyojua haya, zikarudi na meno ya kila mtu yalivyo. Penseli yangu haikuwa na la kufanya kwenye rangi.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ghorofa ya pili.

"Shikamoo, daktari," mdogo wangu akasema.

"Marahaba. Fungua." Akachungulia. "Arusha?"

"Mpaka miaka kumi."

"Hayana hata tundu moja. Na hapa mbele, hili pengo dogo limetoka wapi?"

"Uzi, daktari. Mimi ni fundi cherehani."

"Unakata uzi kwa meno?"

"Kwani mafundi wengine wanakata kwa nini?"

Kisha mdogo wangu akatoa ile nakala ya picha yake kwenye mkoba, akaiweka mezani. "Nataka haya."

Daktari akavaa miwani, akaisogeza picha dirishani. Nikasubiri sifa.

"Mwanya umepinda," akasema.

"Haujapinda," nikasema. "Ni kivuli."

"Umepinda, baba. Nani aliyeutia?"

"Mimi."

Akaitazama mikono yangu, akarudi kwa mgonjwa wake. Meno sita ya juu, akaeleza, atayakwangua kidogo sana kwa mbele, atachukua umbo lake kwa kitu laini kinachoganda, na baada ya siku kadhaa atayabandika maganda ya kauri membamba. Mwanya hapana. Kupata mwanya ingembidi aule ubavu wa jino zima.

"Sili jino zima kwa sababu ya wembe wa mtu," akasema.

"Lakini huo mwanya ndio alioupenda mposaji!" nikaropoka. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nimeuza mashine, nimesafiri mpaka pale, na uongo bado ungebaki umekaa katikati ya meno ya dada yangu.

"Basi uache, daktari," mdogo wangu akasema, wala hakunitazama.

Ikafika zamu ya kuchagua rangi. Daktari alileta kishada cha vijino vya mfano, vimepangwa kutoka vyeupe kwenda vya njano. Mdogo wangu akakichukua, akainuka kitini, akaelekea kwenye roshani.

"Anakwenda wapi?" daktari akaniuliza.

"Juani. Hata uzi hachagui ndani ya duka."

Akaniita nje. "Kaka, fungua mdomo."

Nikafungua. Akaanza kuvilinganisha vile vijino na meno yangu, kimoja kimoja, amekunja jicho moja kama anavyolinganisha uzi na kitambaa cha mteja. Barabarani chini watu wakasimama kutazama jibaba limekenua kwenye roshani. Mimi nisiyependa kuchekwa nilitulia tuli. Alifika cha tano, akarudi cha nne, akakishikilia.

"Hiki," akamwambia daktari aliyekuwa ametufuata. "Tumetoka tumbo moja."

Daktari akamwambia anaweza kumpa cheupe zaidi, wengi hutaka weupe wa sinki jipya. Akakataa. Mimi bado nilikuwa nimefungua mdomo, na machozi yalikuwa yananilenga, nikasingizia jua.

Safari ya pili ndiyo ya kubandika. Yalipokaa, daktari akatoa amri: asikate uzi kwa meno, asitafune mifupa, asimenye muwa.

"Muwa, daktari? Mimi natoka Kilosa."

"Kata kwa kisu."

Akapewa kioo. Akajitazama, akafunga mdomo, akaufungua tena, akasema ahsante. Kwenye basi alikuwa anayapapasa kwa ulimi kutoka Kibaha mpaka Chalinze. Nilimsimulia vichekesho vyangu vyote, hata vile ambavyo havisimuliwi mbele ya dada. Alinipa tabasamu la picha ya pasipoti, jeupe, la heshima. Kicheko hakikuja. Kilosa pia hakikuja, na khanga iliposhuka haikushuka kwa ajili yangu. Usingizi ukaanza kunipaa.

Masika yakaisha, mpishi akaja. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mikono ina makovu ya jiko, amebeba keki aliyoioka mwenyewe na kuifunga kwa taulo la hoteli. Akamwamkia shangazi, akanipa mkono, akaniita shemeji kabla hatujakubaliana chochote. Tukakaa mkekani. Mdogo wangu akaleta maji ya kunawa, kisha sinia la pilau. Mpishi akawa anamtazama kwa kuiba, na kila akimtazama jasho lilinitiririka. Nilikuwa nimekula njama na shangazi tuzungumzie mvua, mazao na bei ya mkaa mpaka mgeni aondoke.

Mdogo wangu akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Kuna jambo nataka ulijue kabla hujala chakula chetu," akamwambia mpishi. Shangazi akashikwa na kikohozi. "Ule mwanya aliutia kaka kwa wembe. Meno haya ni ya kauri, tumeyatoa Dar. Ya kwangu yako chini yake, yana rangi ya chai. Ukitaka kuondoka, keki yako utaondoka nayo."

Nilitaka sakafu inimeze. Mpishi akatia mkono mfuko wa shati, akatoa ile picha, ameichomoa kwenye fremu, akaiangalia kwa karibu.

"Kwani kuna mwanya?" akauliza.

Akaiweka picha mkekani.

"Shangazi aliniuliza nimependa nini, nikasema mwanya. Si ndivyo watu wanavyosema?" Akamtazama mdogo wangu, mara hii bila kuiba. "Mimi niliitundika kwa sababu ya hiki kicheko. Bosi mpya ni mkali kweli. Akinigombeza, nikirudi jikoni natazama hapa. Kila siku najiuliza, huyu alikuwa anacheka nini?"

Mdogo wangu alijizuia. Nilimwona anajizuia.

"Suruali ya kaka," akasema. "Ilichanika nyuma."

"Nilipoiuza ilikuwa nzima!" shangazi akadakia, mkono juu, kama yuko mbele ya hakimu.

Hapo kikatoka. Kinywa wazi, mchana kweupe, mbele ya mgeni na sinia la pilau, kicheko kilekile cha kushika meza, akashika bega la shangazi kwa kukosa meza. Mpishi akacheka kwa kumwona anacheka. Mimi nilicheka kwa furaha tupu, maana nilikuwa nimekikosa kwa miezi. Posa tuliipokea kabla pilau haijapoa.

Jioni mgeni na shangazi walipoondoka, mdogo wangu akawa anakunja mkeka. Ulimi wangu haukuweza kutulia.

"Umeona?" nikasema. "Kumbe penseli yangu haikuharibu kitu."

Akaacha kukunja.

"Kaka, unajua kwa nini mbele yako sikuwa najifunika?"

Sikujua. Sikuwahi hata kujiuliza.

"Nilidhani huyaoni. Shule nzima wanayaona, mama anayaona, mpaka wateja. Nikawa najiambia, duniani yuko mmoja asiyeyaona. Uliponiletea ile picha ndipo nilipojua kwamba na wewe ulikuwa unayaona siku zote."

Nikanywea. Katika ukoo wetu kaka mkubwa hamwombi radhi mdogo wake kwa mdomo. Hununua kitu, akakiacha mahali kitakapoonekana, mambo yakaisha. Mimi nilikuwa nimeshanunua, na hayakuwa yameisha.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikasema. Yalinitoka kwa tabu, lakini yalitoka.

"Nilishakusamehe kule Dar, ulipokenua watu wakikutazama." Akamaliza kuukunja mkeka, akauegemeza ukutani. "Ila picha za harusi apige mtu mwingine."

"Nani?" Damu ikanipanda. "Kilosa hii nani mwingine? Yule wa stendi? Anakata watu vichwa yule!"

"Avikate. Wewe siku hiyo uwe kaka yangu tu."

Akapiga yule wa stendi, kwa rangi. Katika roli zima la filamu imepatikana moja tu ya sisi wawili, na ndiyo niliyoitundika nyumbani kwangu mpaka leo. Mimi nimeanzia mabegani, kichwa amenikata, mikono yangu imening'inia haina kitu, na pembeni yangu dada yangu anacheka.